Daftari la mzee wa kanisa: mchungaji afanye nini mlima unapomeguka

Mtu wa Mbokomu au Old Moshi, huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hahitaji kuambiwa kwamba mvua imenyesha usiku kucha. Anachosikiliza alfajiri ni mto. Mto unaonguruma unatisha, lakini angalau unapita. Mto uliokuwa ukinguruma ukanyamaza ghafla, huku mvua bado inapiga bati, huo ndio wa kukimbia: huko juu udongo na magogo yameziba korongo, maji yanajikusanya nyuma yake, na yakipasua hayatabisha hodi.

Nawaandikia wachungaji wa sharika za mlimani na za bondeni, pamoja na wainjilisti na wazee wa kanisa. Padri akisoma hatapungukiwa, na imamu pia atapata mengi ya kumfaa. Maafa ya namna hii kwetu si habari za nchi za mbali. Novemba 2009, kijiji cha Goha wilayani Same, mkoa huu huu wa Kilimanjaro, mlima ulishuka usiku ukaua zaidi ya watu 20. Desemba 3, 2023, tope na mawe yalitoka Mlima Hanang yakafunika sehemu ya mji wa Katesh, na waliokufa walizidi 80. Masika yaliyofuata yakawa zamu yetu: Aprili 2024 maji yaliingia majumbani bondeni na udongo ukashuka mlimani, na tarehe 25 ya mwezi huo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za El Niño zilikuwa zimeua watu 155 nchi nzima na kuathiri wengine wapatao 200,000.

Mchungaji si zimamoto, si daktari, wala si Mkuu wa Wilaya. Siku ya kwanza, karibu kila kazi atakayoikimbilia ina mtu anayeijua kuliko yeye. Isipokuwa moja: kujua nani alilala wapi jana usiku. Kazi hiyo hakuna ofisi inayoiweza kama usharika uliojipanga, na ndiyo maana nitakaa sana kwenye daftari.

Daftari lenyewe

Kila mzee wa kanisa ana mtaa wake au jumuiya yake. Mpe daftari la kawaida la shule, la kurasa 96, na kalamu ya wino usiofutika kwa maji. Aandike kaya kwa kaya, kwa kufuata njia anavyotembea, si kwa alfabeti, maana siku ya tope atatembea na si kutafuta herufi. Kila kaya iwe na jina la mwenye nyumba, idadi ya wanaolala pale, namba ya simu ya jirani (ya mwenye nyumba huenda imezikwa naye), na alama ndogo kwa mzee asiyeweza kutembea, mjamzito, mtoto mchanga na mlemavu.

Hadi hapo ni kazi rahisi. Kosa huanzia kwenye swali la nani aingie humo. Wazee wa kanisa huandika washarika, tena wale wanaotoa ahadi. Lakini udongo hauulizi bahasha ya sadaka. Aandikwe Mwislamu wa jirani, Mkatoliki wa ng'ambo ya korongo, mpangaji aliyehamia mwezi jana, na yule ambaye hajakanyaga kanisani tangu kipaimara. Zaidi ya wote, aandikwe kijana wa ng'ombe. Kwenye vihamba vingi, yaani mashamba ya ukoo yenye nyumba ndani yake, yupo kijana aliyetoka mkoa mwingine, anayekata majani na kulala kwenye kibanda ubavuni mwa zizi, na jina lake la pili halijulikani hata kwa tajiri wake. Ukoo ukihesabiwa, yeye hayumo. Mazishi yakitangazwa, hakuna anayejua apigiwe nani kule kwao. Muulize leo jina kamili, kijiji chake na namba ya ndugu yake mmoja. Ni dakika tatu.

Kisha kuna safu moja ambayo mtu wa nje hatakuambia uiweke: ana nani mjini? Uchagani msaada wa kwanza hautoki serikalini wala kanisani. Unatoka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kabla jua halijazama, watoto walioko Dar es Salaam wameshachangishana, fundi ameshapigiwa, na bati ziko njiani. Vizuri sana, Mungu awabariki. Lakini mjane ambaye watoto wake hawakufika mbali, au mzee aliyebaki peke yake, hana kundi. Wiki ya pili utaona kihamba kimoja kina nyumba mpya ya tofali na cha pili yake kina turubai, na mtu asiyejua atadhani huyu wa turubai ni mvivu. Ukiwa na safu hiyo unajua pa kuanzia bila kumwaibisha mtu kwa maswali mbele ya wenzake.

Nakala ya daftari ikae mahali pengine, mbali na mto. Simu ni nzuri lakini umeme ukikatika siku mbili inakuwa kioo tu.

Saa za mwanzo

Mnara wa kengele unao; patana na waumini mapema kwamba kengele ikigongwa mfululizo bila kupumzika, maana yake watu watoke mabondeni na chini ya miteremko waende mahali mlipokubaliana. Mahali hapo pakaguliwe na mtu anayejua, kwa sababu si kila kanisa liko mahali salama. Wazee wetu walipenda kujenga karibu na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto; pima ukumbi wako kwa kamba uone.

Piga 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji. Halafu mtafute mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa na mtendaji wa kata. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa, na mchungaji mwenye busara huwa amejitambulisha kwa kamati hiyo wakati wa kiangazi, siyo siku anayokuja na malori ya wafadhili. Wape hesabu yako: kaya hizi tumewaona wote, kaya hizi hatujamwona fulani. Mwokoaji anayeambiwa "nyumba hii walilala watano, wanne wako hapa" anachimba mahali pamoja. Anayeambiwa "kuna watu wengi humo" anachimba kote.

Usiwaongoze vijana wa kwaya kwenda kuchimba chini ya mteremko unaoendelea kudondosha mawe. Najua ni vigumu. Mtu analia chini ya udongo na wewe unawazuia wenye nguvu? Waache waokoaji waweke mtu mmoja juu wa kutazama mteremko na kupiga filimbi, wachimbe kwa zamu, na wote wajue njia ya kukimbilia. Maporomoko ya pili ndiyo huua waokoaji. Bondeni, Mabogini au Kahe, hatari ni nyingine: waya wa umeme ulioanguka ndani ya maji, na nyoka waliopanda juu ya dari pamoja na wenye nyumba. Mtu asikanyage maji ndani ya nyumba kabla umeme haujakatwa.

Kanisa likigeuka chumba cha kulala

Ukifungua kanisa kuwahifadhi watu, anza na vyoo, halafu taa za njia ya kwenda vyooni, kisha ndipo magodoro. Kina mama na watoto wapewe chumba chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Waislamu watakaolala humo wapewe kona ya kuswalia na maji ya kutawadha, na kuku au mbuzi achinjwe na Mwislamu ili kila mtu ale sufuria moja. Desturi hii tunaifuata kwenye harusi zetu siku zote, isisahauliwe msibani. Mzazi mwenye mtoto mchanga apikiwe mtori wa ndizi. Si anasa, amepoteza nyumba, asipoteze na maziwa.

Kuna tangazo moja la kutoa mapema, siku ya pili au ya tatu. Liseme hivi: yeyote aliyepoteza dawa anazokunywa kila siku aende kituo cha afya kilicho karibu leo, asisubiri tarehe yake ya kliniki. Ishia hapo. Usiulize dawa za nini, usiite watu wanyooshe mikono, usitume mzee wa kanisa aandike orodha. Katika umati ule wapo wenye kisukari, wenye presha, wanaotibiwa kifua kikuu na wanaotumia dawa za kufubaza virusi, na wengine wao ndoa zao zimesimama juu ya siri hiyo. Ukiwa na nauli ya kuwapa, mpe kila anayeomba nauli ya hospitali bila kuhoji.

Maji ya visima yachemshwe hata yakionekana meupe, kwa sababu vyoo vya shimo vimefurika na vyote vimechanganyika. Mtu akianza kuharisha maji maji asipewe maombi peke yake. Apelekwe haraka, huku akinyweshwa maji ya chumvichumvi ya pakiti (ORS) njiani.

Mazishi

Hapa twende polepole. Mchaga huzikwa kihambani, karibu na baba yake na babu yake, kando ya migomba. Sasa kihamba kimekwenda. Au kipo nusu, na nusu iliyobaki ina ufa unaopita katikati ya makaburi ya zamani. Familia itasisitiza azikwe hapo hapo, na wewe utaelewa kwa nini. Lakini msiba wa kwetu unakusanya watu mia kadhaa, magari, maturubai na spika, wote wamesimama saa nne juu ya udongo ulioloa na chini ya mteremko uliokwisha kuonyesha kwamba unaweza kushuka. Mchungaji ndiye mtu pekee ambaye neno lake la kuahirisha au kuhamisha ibada linaweza kupokelewa bila ugomvi. Litumie. Ibada ifanyike kanisani au shuleni penye tambarare, na kihambani waende wachache, wa ukoo tu, baada ya mtu kukagua mteremko. Ikishindikana kabisa, azikwe kwa ndugu au kwenye makaburi ya kanisa, na udongo kidogo wa kihamba chake uwekwe kaburini. Wazee wanaolipima jambo hili kwa mila huwa wanakubali haraka kuliko vijana, ukikaa nao kwanza pembeni badala ya kuwatangazia.

Na yule asiyepatikana? Usiharakishe kufunga. Familia isisukumwe kufanya ibada ya kumaliza msiba ili mabenchi yarudi kanisani. Kaa nao. Marafiki wa Ayubu walifanya jambo moja jema tu, kukaa naye siku saba bila kusema neno. Waliharibu walipofungua midomo.

Hilo linanileta kwenye Jumapili ya kwanza. Nimesikia mahubiri ya baada ya mafuriko yaliyokuwa mafuriko yenyewe. Mhubiri anapanda anasema Mungu amechoshwa na ulevi, au mavazi, au matambiko ya kihambani. Mlima ungekuwa unawaporomokea wanywaji wa mbege, ungekuwa umekwisha zamani. Fungua Luka 13, pale Yesu anapoulizia wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, uone jibu lake mwenyewe kuhusu kama walikuwa wakosaji kuliko wengine. Wataalamu wa Serikali walipoeleza kilichotokea Hanang, walisema sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikameguka. Sema hivyo hivyo kwa lugha nyepesi, taja majina ya marehemu wote, wa dhehebu lako na wasio wako, na uyatamke sawasawa. Dakika 15 zinatosha. Unayemhubiria hajalala siku nne.

Fedha, nguo na mnada

Namba yako binafsi ya simu isitumike kupokea michango, hata kwa siku moja, hata kama wewe ni mwaminifu kama Danieli. Tumia akaunti ya usharika. Wahesabu wawe watatu, mmoja akiwa mama, na kila Jumapili karatasi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo: kimeingia kiasi gani, kimenunua nini, kaya ngapi zimepata. Idadi, si majina. Na picha za mtu akipokea kilo tano za sembe huku amenyanyua mfuko usoni, acha. Mfadhili akizitaka, mpigie picha ghala.

Viroba vya nguo vitakuja vingi kuliko watu. Sehemu yake itakuwa suti za sufu na viatu vya mguu mmoja. Mji wa Moshi, wenye soko la Memorial, hauna upungufu wa mitumba. Mama akipewa fedha kidogo ataingia Memorial akachague sketi inayomkaa na sare ya mtoto. Chakula vilevile kinunuliwe kwenye masoko ya Kiboriloni au Mbuyuni, ili fedha izunguke hapa hapa na wafanyabiashara waliopoteza soko wainuke nao.

Halafu kuna mnada wetu wa baada ya ibada, ambao wageni huudhania ni mchezo. Siku hiyo watu waliobaki na kitu huleta mkungu wa ndizi, maboga, lita za maziwa, jogoo aliyefungwa miguu. Mzee anasimama na mkungu begani: elfu tano, elfu sita, huyu mama wa kwaya amesema saba, saba mara ya kwanza. Mama analipa elfu saba, anaugusa mkungu, anasema, "Mzee, naurudisha, uuze tena." Unauzwa mara nne. Mwisho unanunuliwa na aliyetoka Dar, naye anaupeleka kwa kaya yenye turubai. Nimetaja hili kwa sababu ya mtu mmoja: aliyepoteza nyumba ambaye bado ana kuku mmoja na anataka kumleta. Usimkataze kwa huruma. Mpokee kuku wake, auzwe kama wa wengine. Siku hiyo si mhitaji peke yake, ni mtoaji.

Mipaka

Miezi miwili baadaye litakuja jambo ambalo hukulitarajia. Masale yamekwenda na udongo. Majani yale ya isale ndiyo yaliyokuwa yakionyesha kihamba cha huyu kinaishia wapi na cha ndugu yake kinaanzia wapi, na ndiyo yale yale Mchaga hubeba kuomba msamaha. Sasa ndugu wawili wamesimama juu ya tope lililokauka, kila mmoja akionyesha kwa mkono. Watakuja kwako, "Mchungaji, wewe ulikuwa unatutembelea, unajua mpaka ulipokuwa." Hata kama unajua, usiwe shahidi peke yako. Waite wazee wa ukoo, mwenyekiti wa kijiji na jirani wa kila upande, mtembee pamoja, mwandike, wote watie sahihi. Baada ya hapo ndipo wewe uje na jukumu lako: kusimama nao wakati wanapanda masale mapya, kila mmoja akishika shina la mwenzake.

Mifongo, mifereji yetu ya asili ya maji, nayo iangaliwe mapema. Mfongo ulioziba hummwagia maji yake aliye chini, na maji yaliyokosa njia hulowesha mteremko mpaka ushuke. Itisha msaragambo, Walutheri na Wakatoliki na Waislamu pamoja, kila kaya na jembe lake, mzibue kutoka juu kuja chini. Kwenye kingo zilizomeguka pandeni matete kwanza, miti ifuate. Kwa habari ya miti hamhitaji kwenda mbali kutafuta mfano: Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) kuanzia 2015 hadi 2023, amejulikana kwa miaka mingi kama askofu wa miti.

Mwenyewe je? Nyumba ya mchungaji nayo iliingia maji, na mama mchungaji amepikia watu 60 kwa kuni mbichi wiki nzima. Omba jirani yako wa jimbo akushikie Jumapili mbili. Ukikataa, waumini watakuona shujaa, na mwezi wa tatu utamfokea mjane.

Kabla vuli haijaanza, rudi na mzee wa mtaa kwenye ule ufa wa kihambani. Pigilieni vigingi viwili, kimoja kila upande, na mpime umbali kati yake kwa futi ya fundi. Aandike kwenye daftari tarehe na sentimita, na arudie kila Jumamosi wakati wa mvua, na kila baada ya usiku wa mvua kubwa. Namba ikibaki ile ile, watu walale. Ikiongezeka, hata sentimita mbili, mzee asubiri nini? Agonge kengele.